Namna ya kutafuta maana katika filamu inayochekesha huku ikiuma: mfano wa A Serious Man

Filamu za aina hii hurundika matukio yanayofanana na ishara, kisha hukatika bila kusema zilikuwa ishara za nini. Watazamaji wengi huondoka na hasira, au hukimbilia kutafuta mtu wa kuwaeleza mwisho. Humo hakuna jibu lililofichwa. Maana imo katika yale ambayo watu wanayatenda wakati hawajui lolote, na hapo ndipo pa kuelekeza macho.

Mwongozo huu unatumia A Serious Man ya Joel na Ethan Coen (2009). Mwisho wake unatajwa humu, kwa hiyo kama hujaitazama, anza na filamu yenyewe.

Kabla ya kutazama

Tenga saa mbili. Filamu ina takribani saa moja na dakika 45, na dakika zinazobaki utazihitaji. Usisome uchambuzi wowote. Jua mambo machache tu: tupo Minnesota, Marekani, mwaka 1967, katika jamii ya Wayahudi. *Get* ni talaka ya kidini, na bila hiyo mke hawezi kuolewa tena kwa sheria yao. *Bar mitzvah* ni ibada ya mvulana wa miaka 13 anapoanza kuwajibika kidini. Dibuki ni roho ya mfu iliyoingia katika mwili wa mtu. Hayo yanatosha.

Mara ya kwanza: tazama bila kusimamisha

Usiandike kitu. Pale unapocheka, jiulize upesi nani anaumia, kisha endelea. Kicheko katika filamu hizi karibu kila mara hukaa juu ya maumivu ya mtu, na ukikipuuza utakosa nusu ya kazi.

Utangulizi unawachanganya wengi. Mume anamkaribisha nyumbani mzee aliyemsaidia njiani kwenye theluji. Mke anasema mzee huyo alishakufa, huyu ni dibuki, naye anamchoma kifuani. Mzee anacheka, baadaye damu inaonekana, anatoka nje usiku. Hatuambiwi alikuwa nani. Hadithi inayofuata haiwahusu tena watu hawa, kwa hiyo usipoteze muda kutafuta ukoo unaowaunganisha na Larry Gopnik, mhusika mkuu. Kazi ya utangulizi ni kukufundisha namna ya kutazama yanayokuja: mke ametenda kwa uhakika, mume anaona wameangamia, na wewe huna namna ya kuamua nani yuko sahihi.

Mara tu inapokwisha

Chukua karatasi, ugawe safu tatu: *kilichotokea*, *mhusika alichodhani ni sababu*, *alichofanya*. Jaza matukio sita au saba unayoyakumbuka. Safu ya pili itajaa haraka. Ya tatu itakuwa na mapengo mengi, kwa kuwa Larry, mwalimu wa fizikia ambaye mkewe anamwacha, hutumia sehemu kubwa ya filamu akiuliza. Anaenda kwa marabi, viongozi wa dini ya Kiyahudi: mmoja kijana anamwelekeza autazame upya uwanja wa kuegesha magari, wa pili anampa kisa cha daktari wa meno kisicho na mwisho, na mzee wao hakubali kumwona kabisa. Mapengo hayo ndiyo habari yenyewe.

Mara ya pili: fuata mpangilio wa wakati

Hapa ndipo penye utajiri, nawe simamisha filamu kadiri unavyotaka. Andika kila tukio lilitokea lini kwa mfululizo wa maisha, halafu lilisimuliwa lini. Tofauti kati ya hayo mawili ndiyo mtego wa waongozaji.

Chukua mwisho. Mwanafunzi aliyeshindwa mtihani ameacha bahasha ya fedha. Larry amekataa rushwa kwa muda mrefu, lakini ankara ya wakili ya dola 3,000 inafika, naye anafuta F na kuandika C, kisha anaongeza alama ya kutoa. Papo hapo simu inalia: daktari anataka waonane kuhusu picha za eksirei. Moyo wa mtazamaji husema, ameadhibiwa. Rudi sasa mwanzoni mwa hadithi ya Larry: yumo katika chumba cha daktari huyo huyo, anapimwa. Chochote kilichoonekana katika picha kilikuwa mwilini mwake kabla hajagusa daftari la alama. Alama haikusababisha ugonjwa. Ni ujirani wa maonyesho mawili tu uliokufanya uone sababu. Na bado alichofanya ni kosa, hata kama hakuna adhabu iliyolifuata. Ukishika yote mawili kwa pamoja, umefika penye kiini cha filamu.

Kimbunga kinachofuata kipime vivyo hivyo: kinaelekea shuleni kwa mwanawe, si kwake.

Pale watu wanapopotea

Kosa la kwanza ni fizikia. Kanuni ya kutokuwa na uhakika ya mwanafizikia Werner Heisenberg (1927), ambayo Larry anaifundisha, inahusu kikomo cha kupima mahali na mwendo wa chembe kwa pamoja. Haisemi kwamba hakuna kinachoweza kujulikana. Larry ndiye anayeinyoosha hivyo, tena ndotoni. Lakini sikiliza anachoongeza kwa wanafunzi: hatujui kinachoendelea, ila kitatoka katika mtihani. Hiyo ni sentensi ya kuandika pembezoni mwa karatasi yako.

La pili ni ndoto zenyewe. Zinaingia bila alama, na mtazamaji huzihesabu kama matukio. Tafuta pale Larry anapozinduka kitandani, urudi nyuma hadi ndoto ilipoanzia, uizungushie duara.

La tatu ni kusema filamu inahubiri kwamba maisha ni bure. Angalia usiku wa bwawa tupu la kuogelea, nduguye Arthur anapolia kwamba Mungu amempa Larry kila kitu na yeye hakumpa chochote. Hakuna anayejibu swali lake, lakini Larry anabaki pale kumtuliza. Tukio hilo liweke safu ya tatu, hata kama mara ya kwanza ulilipita.

Ukijadili na wenzako, kila mmoja alete karatasi yake na mwanze na safu hiyo ya tatu. Mkianza na ya pili, mtabishana kuhusu dibuki hadi usiku.