Namna ya Kutunza Kumbukumbu za Siri katika Mji Uliokaliwa na Jeshi la Kigeni

Anayetaka kuandika maisha ya mji uliotekwa aanze na mambo ambayo taarifa za jeshi huyaacha: bei ya mkate, urefu wa foleni, saa ya kuanza kwa amri ya kutotoka nje, na uvumi unaozagaa sokoni. Kila ukurasa uwe na tarehe, lakini majina ya watu yasiandikwe kamwe, kwa sababu daftari likikamatwa hugeuka kuwa orodha ya washtakiwa.

Kazi ngumu zaidi ni kuficha. Mjini Warsaw, Poland, uliokuwa umekaliwa na jeshi la Ujerumani, kundi la mwanahistoria Emanuel Ringelblum lilifukia, mwaka 1942 na 1943, nyaraka za mtaa wa Wayahudi uliozungushiwa ukuta. Masanduku ya bati yaliyofukuliwa mwaka 1946 yalikuwa yameingiwa na maji, ilhali mikebe miwili mikubwa ya maziwa iliyopatikana mwaka 1950 ilihifadhi karatasi vizuri zaidi. Kwa hiyo chombo kizibwe barabara kabla ya kufukiwa. Mahali pajulikane na watu wawili au watatu wasioishi nyumba moja, maana siri ya mtu mmoja, nionavyo, hufa naye. Nakala ya pili ifichwe mtaa mwingine.