Kompyuta ya Injini Isiposomeka kwenye Laptopu: Mahali pa Kuanzia

Kompyuta ya injini inapokataa kusomeka, wengi huihukumu papo hapo kuwa imekufa. Nimepokea kompyuta nyingi nzima zilizokwisha kung'olewa na kufunguliwa kwa bisibisi, ilhali ubovu ulikuwa kwenye fyuzi, kwenye waya au kwenye kebo ya laptopu yenyewe. Kwa sababu hiyo mpangilio ninaoufuata huiweka kompyuta mwisho kabisa. Utahitaji mita ya kupimia volti na ohmu, taa ya kupimia yenye balbu, tochi na mchoro wa nyaya wa gari husika. Betri ikiwa chini ya volti 12, ichaji kwanza, kwa maana umeme dhaifu huleta dalili za uongo.

Hatua ya kwanza: hakikisha kama kompyuta iko hai

Fungua swichi bila kupiga starta, kisha utazame taa ya injini kwenye dashibodi na usikilize kama pampu ya mafuta inanguruma kwa sekunde chache. Ushahidi mkubwa zaidi, hata hivyo, ni injini kuwaka: katika gari linalotegemea kompyuta kunyunyiza mafuta, injini haiwezi kuwaka na kuunguruma vizuri ikiwa kompyuta yake imekufa. Ikiwaka, tatizo liko kwenye njia ya mawasiliano, nawe uendelee na hatua ya pili. Isipowaka, taa ya injini haionekani na pampu iko kimya, ruka moja kwa moja hadi hatua ya tano.

Hatua ya pili: ondoa shaka kwenye laptopu

Chomeka adapta ileile (kifaa kinachounganisha laptopu na gari), kwa laptopu ileile, kwenye gari jingine ambalo unajua linasomeka. Likikataa nalo, ubovu uko kwenye laptopu au adapta. Angalia kama draiva ya adapta imesakinishwa, kama namba ya bandari uliyoichagua ndani ya programu ni ileile inayoonyeshwa na Windows, na kama kebo ya USB inapitisha data, maana zipo kebo zinazochaji tu.

Umri wa gari nao uzingatiwe. Marekani ililazimisha mfumo wa pamoja wa uchunguzi kwa magari ya mwaka 1996 na kuendelea, na lugha ya CAN, yaani njia ya kompyuta za gari kuwasiliana kwa nyaya mbili, ikawa ya lazima huko kwa magari ya mwaka 2008. Gari la zamani linaweza kuwa na soketi ya uchunguzi yenye umbo hilohilo huku likitumia lugha nyingine, hivyo chagua itifaki sahihi, yaani lugha ya gari hilo, kwenye programu kabla ya kugusa waya wowote.

Hatua ya tatu: pima soketi ya uchunguzi

Soketi hiyo ina nafasi 16 za pini. Pini ya 16 hubeba umeme wa betri wakati wote, na pini za 4 na 5 ni hasi. Unganisha taa ya kupimia kati ya pini ya 16 na ya 4, halafu kati ya 16 na 5. Mara zote mbili iwake kwa nguvu. Napendelea balbu kuliko mita hapa, kwa sababu waya uliobaki na uzi mmoja tu bado utaonyesha volti 12 kwenye mita, lakini huenda usiweze kuiwasha balbu kwa nguvu. Taa hiyo usiiguse kabisa kwenye pini za mawasiliano. Huko tumia mita peke yake.

Taa isipowaka, tafuta fyuzi. Katika magari mengi fyuzi ya pini ya 16 ndiyo hiyohiyo ya kiberiti cha gari. Niliwahi kuhangaika nusu siku na gari moja, kumbe mwenyewe alikuwa ameunguza fyuzi hiyo kwa chaja mbovu ya simu.

Kisha mulika ndani ya soketi kwa tochi. Pini iliyopanuliwa kwa kuchomekwa kitu kinene huonekana wazi: midomo yake miwili ya shaba imeachana, na pini ya adapta huingia bila kuigusa. Nyingine huwa imerudi nyuma milimita chache tu, na ukiisukuma kwa kidole upande wa nyaya husikika ikibana mahali pake.

Hatua ya nne: pima nyaya za mawasiliano

Kwa gari la CAN, nyaya ziko pini ya 6 na ya 14. Ondoa waya hasi wa betri, subiri dakika chache, kisha upime ohmu kati ya pini hizo. Kipimo cha kawaida ni karibu ohmu 60, kwa kuwa vizuizi viwili vya ohmu 120 vimefungwa sambamba kwenye ncha za laini. Ukipata 120, upande mmoja umekatika. Ukikaribia sifuri, nyaya mbili zimegusana. Magari mapya yenye kompyuta ya lango (inayosimama kati ya soketi na kompyuta nyingine za gari) nyuma ya soketi hayafuati kipimo hiki kila mara, kwa hiyo soma mchoro kwanza.

Rudisha betri, fungua swichi, upime volti dhidi ya hasi: pini ya 6 iwe juu kidogo ya 2.5, na ya 14 chini kidogo ya hapo. Waya mmoja ukiwa sifuri au 12, una shoti. Chomoa kompyuta nyingine za gari moja baada ya nyingine, ukianzia na redio, kengele ya wizi au kifaa cha kufuatilia kilichoongezwa baadaye, hadi laini irudi. Magari ya zamani yanayotumia pini ya 7 huonyesha volti karibu 12 laini ikiwa imetulia.

Hatua ya tano: nenda kwenye plagi ya kompyuta

Chomoa plagi, utafute maji na kutu ya kijani. Kwa taa ya kupimia thibitisha umeme wa kudumu, umeme unaopitia relei kuu, na kila waya hasi. Vyote vikiwa sawa, irudishe plagi na uchomoe sensa zinazotumia volti 5 moja moja huku ukijaribu kusoma, kwani sensa moja yenye shoti inaweza kuangusha volti hizo na kuizima kompyuta nzima. Isiposomeka hata hapo, ndipo ninapoitoa kompyuta. Na kabla ya kununua nyingine, hakikisha una njia ya kuioanisha na funguo za gari, la sivyo injini haitawaka.