Mkanda wa kuzuia damu garini

Naendesha lori Dar hadi Tunduma, na kwenye kona za Kitonga msaada huchelewa. Mkanda wangu wa kuzuia damu hukaa mlangoni mwa kabini, kamwe si chini ya mizigo.

Nunua wenye upana wa karibu sentimita 4 na kijiti imara cha kusokotea. Kamba nyembamba hukata nyama na damu ikaendelea kutoka. CAT, aina maarufu ya mkanda huu, ni mzuri, ila bandia ni nyingi, na kijiti chake huweza kukatika unapokaza. Ndugu zangu, hapo msibane matumizi!

Funga mkononi au mguuni tu, sentimita 5 hadi 8 juu ya jeraha, upande wa moyo, si kwenye kiungo. Kaza mpaka damu ikome, andika saa, usilegeze. Daktari ndiye atakayeufungua. Kinena na kwapa havifungiki: jaza shashi, gandamiza kwa nguvu. Ongeza glavu, bandeji, mkasi na kalamu.