Gari limechemsha na fundi anasema "tafuta injini": hatua ninazofuata kabla ya kutoa hela

Wiki mbili zilizopita shemeji alinipigia simu yuko Masasi. IST yake ilichemsha akiwa anapanda mlima kwenda Newala, amepakia magunia, ikabidi ivutwe kurudi mjini. Fundi wa kwanza aliyefunua boneti alimimina maji, akawasha, akachungulia kwenye rejeta na kusema: "Njomba, gasketi imekwenda, na hedi nayo itakuwa imepinda. Tafuta injini." Hedi ni kichwa cha injini, gasketi ni ile karatasi ngumu iliyo chini yake inayozuia maji, oili na gesi visichanganyike. Injini ya mtumba pamoja na ufundi, milioni mbili na nusu.

Kilichokufa kilikuwa relei ya feni, kile kiswichi cha umeme kinachoiwasha. Shilingi elfu kumi na mbili.

Mimi si fundi. Nimeendesha Noah ya abiria kati ya Mtwara na Masasi miaka tisa, na hela za kujifunzia nimeshazitoa. Nilichompitisha shemeji kwa simu ndicho hiki.

Hatua ya 1: Zima

Taa nyekundu ya joto ikiwaka, weka pembeni, zima. Mfuniko wa rejeta usiguswe mpaka injini ipoe kabisa, hata kama konda anasema kitambaa anacho.

Hatua ya 2: Peleka dalili, jina la ugonjwa liache nyumbani

Ukifika gereji ukasema "nadhani ni gasketi", umeshajiuza. Eleza ulichokiona. Lilichemsha likiwa limesimama au linatembea taratibu, halafu likikimbia linapoa? Hapo anza na feni. Lilichemsha ukiwa kwenye mwendo mkali barabara tupu? Fikiria rejeta iliyoziba, thamostati (kile kimlango kinachofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende kwenye rejeta) au pampu ya maji. Shemeji alikuwa anapanda mlima na gia ndogo, mzigo mzito, upepo hauingii mbele. Kwa maelezo hayo tu nilishaanza kuishuku feni.

Hatua ya 3: Pima kabla mtu hajashika spana

Hapa ndipo pesa inapookolewa au kupotea, kwa hiyo vumilia urefu.

Asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta wenyewe. Chupa ya pembeni inadanganya, inaweza kuwa imejaa na rejeta kavu. Angalia mpira wa mfuniko kama umekakamaa au umepasuka. Juu yake kuna namba, mara nyingi 0.9 au 1.1. Hiyo ni presha. Presha ndiyo inayofanya maji yasichemke yakifika nyuzi 100, kwa hiyo mfuniko uliochoka unamwaga maji na gari linachemsha bila kosa lingine lolote. Nunua wenye namba ileile. Usimsikilize anayekuambia kwamba namba kubwa ni bora zaidi.

Kisha feni. Washa injini, washa AC. Kwenye gari nyingi ndogo za Toyota feni inatakiwa izunguke muda mfupi tu baada ya hapo. Isipozunguka, kagua fyuzi, halafu ichomoe relei ya feni na uweke nyingine ya umbo lilelile na namba ileile kutoka kwenye boksi hilohilo, kwa mfano ya honi. Shemeji alifanya hivyo, feni ikaamka. Kama bado imelala, peleka moto wa betri moja kwa moja kwenye mota ujue kama mota ndiyo iliyokufa. Ila hiyo iwe kwa kupima tu. Fundi akikuambia "nakuungia dairekti, itazunguka muda wote", mshukuru uondoke.

Thamostati inapimwa jikoni. Itoe, itumbukize kwenye sufuria ya maji, weka jikoni uitazame. Nyingi zinaanza kufunguka maji yakikaribia nyuzi 80 na kitu, kabla hayajachemka. Isipofunguka, badilisha. Badilisha, nimesema, sijasema uitupe ukae bila. Huku kwetu kuna imani kwamba nchi ya joto haihitaji thamostati. Ukiitoa, injini inachelewa kufika joto lake na inakunywa mafuta, na kwenye baadhi ya injini maji yanapata njia ya mkato yasipite yote kwenye rejeta, kwa hiyo mlimani unachemsha zaidi kuliko mwanzo.

Sasa gasketi, iliyonigharimu siku nne na laki sita mwaka 2019. Noah yangu ilibadilishwa mpira wa juu wa rejeta, tukajaza maji, tukawasha mfuniko ukiwa wazi, mapovu yakatoka. Fundi akasema gasketi, mimi nikaamini kwa sababu mapovu nayaona kwa macho yangu. Hedi ikafunguliwa. Ilikuwa nzima, imenyooka kama kioo. Mapovu yale yalikuwa hewa tu iliyobaki ndani baada ya kujaza maji.

Kwa hiyo: kila mfumo wa maji ukifunguliwa au kujazwa upya, toa hewa kwanza ndipo uhukumu. Gari liegemee juu kidogo upande wa mbele, hita iwekwe kwenye joto la mwisho, injini iungurume mfuniko ukiwa wazi, ongeza maji kidogokidogo yakishuka. Subiri mpaka feni iwake na kuzima mara mbili. Inaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Funga, acha lipoe kabisa, ongeza tena. Kesho yake asubuhi, likiwa baridi, fungua na uwashe. Mapovu yakiendelea bila kukoma hata baada ya hapo, ndipo uanze wasiwasi.

Hata hapo dalili moja haitoshi. Povu jeupe chini ya mfuniko wa oili linaweza kuwa mvuke wa safari fupifupi. Chomoa kijiti cha oili, kama oili yenyewe imekuwa kama chai ya maziwa, hilo ni jambo jingine. Moshi mweupe wa asubuhi unaoisha baada ya dakika chache ni kawaida. Usioisha, huku maji yanapungua na huoni yanapovuja, si kawaida. Mpira wa juu ukiwa mgumu kama jiwe sekunde chache baada ya kuwasha injini baridi, gesi ya silinda inaingia kwenye maji.

Ukiwa na dalili mbili au tatu pamoja, lipia vipimo: presha ya kila silinda, na kile cha maji ya bluu yanayowekwa kwenye mdomo wa rejeta. Kwenye injini ya petroli yakigeuka njano, kuna gesi ya moto ndani. Mashine ya kompyuta haitakuambia gasketi imekufa. Inaonyesha kile sensa inachokiona, mfano P0301 inasema silinda ya kwanza haichomi vizuri, lakini kwa nini haichomi ni kazi ya fundi. Mimi natembea na kidude cha Bluetooth cha ELM327 kwa sababu moja tu: kinanionyesha joto la maji kwenye simu, na gari nyingi ndogo hazina mshale wa joto, zina taa tu.

Hatua ya 4: Fundi

Namtafuta anayekubali kulipwa kupima peke yake. Namwambia: "Fundi, nakulipa upime, kutengeneza tutaongea baadaye." Akicheka, naondoka. Nauliza madereva wa magari ya Serikali na wa daladala, kwa sababu gari lao likilala hawali. Waliopita VETA nawapenda, vyuo vipo Mtwara na Lindi, ingawa namjua mzee mmoja ambaye hakuwahi kukaa darasani na namwamini kuliko wote.

Swali langu la mtego: "Hedi utaifunga kwa spana gani?" Asipotaja spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, na mpangilio wa kuanzia katikati kwenda pembeni, injini yangu haifungui.

Na matengenezo makubwa usiyasubirishe mpaka Oktoba. Hela ya korosho ikianza kutoka minadani, gereji zinafurika na fundi mzuri humpati.

Hatua ya 5: Spea na bei

Spea nunua mwenyewe, ufundi lipa kando. Kitu kikikosekana hapa, agiza Dar kije kwa basi, na mtumie muuzaji picha ya namba ya chesesi, jina la gari pekee halitoshi. Weka akiba ya siku. Mei 2024 barabara ilipokatika Somanga baada ya kimbunga Hidaya, pampu yangu ya maji ilikaa njiani na mimi nikakaa nyumbani.

Andikianeni kwenye karatasi au WhatsApp: kazi gani, kiasi gani, lini. Kikiongezeka kitu, apige simu kwanza.

Usikubali rejeta ijazwe maji ya kisima. Huku pwani visima vingi vina chumvi, na chumvi inakula rejeta na pampu. Tumia kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, ikikosekana weka maji ya betri, yale ya kuongezea, si asidi. Muulize muuzaji mara mbili.

Hatua ya 6: Kuchukua gari

Dai spea za zamani. Endesha wewe, fundi akiwa pembeni, AC ikiwa imewashwa, angalau nusu saa, kisha simama liungurume mpaka feni iwake. Malizia malipo baada ya hapo. Asubuhi inayofuata pima maji likiwa baridi, na rudia hivyo kwa wiki nzima. Shemeji yuko siku ya tano, maji hayajapungua hata kidole.