Tairi za gari ya spoti Nairobi kama umechoka kurushwa rushwa

Kama una Toyota 86, Subaru BRZ ama WRX, ama Golf GTI na kila bampu ya mtaa unaisikia hadi kwa meno, usikimbilie tairi mpya bado, angalia presha kwanza maana hiyo ni bure. Fungua mlango wa dereva usome kistika, magari mengi ya hii aina huwa kati ya 32 na 36 psi, na ule jamaa wa petroli steshen ukimwambia tu "niwekee upepo" anaweza kukupigia 40 uende home ukilaumu Toyota. Pima tairi zikiwa baridi. Na usishushe chini ya kistika eti upate ulaini, shimo moja la Outering na rimu imepinda. Shokabu zikiwa zimekufa pia tengeneza hizo kwanza, tairi haitazifanyia kazi yao.

Sasa soma namba ya tairi yako, tuseme 215/45R17. 215 ni upana kwa milimita, 45 ni asilimia ya huo upana inayokupa kimo cha ukuta wa tairi, 17 ni rimu kwa inchi. Piga hesabu unapata kama milimita 97, na hizo 97 ndizo zinasimama kati ya rimu yako na shimo. Ukishuka rimu ya 16 na 205/55R16 ukuta unakuwa karibu 113, lakini kimo cha tairi nzima kinatoka 625 hadi 632 tu, tofauti ya asilimia moja hivi, spidomita haitajua. Na si mambo ya kubahatisha, Toyota wenyewe waliuza 86 za bei ya chini huko Japani na hiyo saizi ya 16. Kwangu hii ndiyo njia ya maana kuliko zote, kabla hata ya kuanza kubishana kuhusu kampuni.

Shida ni breki. Subaru STI yenye breki kubwa za Brembo hutaiingizia rimu ya 16, na hata 17 si kila rimu inakubali, kwa hivyo usilipe kabla hujajaribisha: vua gurudumu la mbele, weka rimu tupu bila tairi, kaza nati, zungusha kwa mkono polepole ukisikiliza kama inakwaruza kalipa, ile sehemu inayobana diski ya breki. Muuzaji akikataa ujaribishe, tafuta mwingine.

Halafu aina. Karibu kila kampuni kubwa ina tairi ya starehe na tairi ya spoti, Michelin ina Primacy na Pilot Sport, Bridgestone ina Turanza na Potenza, Pirelli ina Cinturato na P Zero. Chukua ya starehe. Wasee watakucheka, waambie 86 nyingi za rimu 17 zilitoka kiwandani na Primacy HP, tairi ambayo hata Prius, gari ya kubana petroli, ilipewa. Herufi ya spidi na namba ya uzito, zile huandikwa baada ya saizi, usiende chini ya zile za kiwanda, ingawa V ni kilomita 240 kwa saa na sheria yetu inaishia 110, lakini kama huhitaji XL (ya kubeba uzito zaidi) usinunue XL, mara nyingi ukuta wake ni mgumu zaidi. Wenye BMW za ranflati, yaani tairi zinazoendelea kutembea hata upepo ukiisha, tafuta RFT, SSR ama ZP pembeni mwa tairi, huo ugumu mwingi unatoka hapo. Unaweza kubadilisha zote nne kuwa tairi za kawaida, ila hizo gari nyingi hazina spea so beba pampu na dawa ya pancha kwa buti.

Ukiwa Kirinyaga Road utauziwa tairi kuukuu za ex-Japan laini kabisa kwa bei tamu. Angalia kama imeandikwa STUDLESS na vile vitufe vya mpira vimejaa mikato myembamba ya mawimbi, hiyo ni ya theluji, kwa lami yetu inaisha haraka na mvua ya Aprili ikinyesha breki inakuwa ndefu. Angalia pia tarakimu nne za mwisho za DOT, ile kodi iliyo pembeni mwa tairi, 2323 ni wiki ya 23 mwaka wa 2023. Mpira uliozeeka huwa mgumu hata kama kashata (hivyo vitufe) zote ziko.

Wa Subaru zinazovuta na magurudumu yote manne kama WRX (si BRZ), nunua nne pamoja, saizi na muundo mmoja, ukichanganya mpya na kuukuu unaweza kuua difu ya kati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma.

Ukishafunga fanya balansi na alaimenti, endesha pole hizo kilomita mia mbili za kwanza maana tairi mpya huteleza kidogo, na ujue stelingi italegea kiasi kwa kona za Limuru. Mtu wa Ruaka kwenda tao kila asubuhi hiyo hasara ni ndogo, na kama huwa unaenda kushindana kwa uwanja wa mbio wa Whistling Morans basi zile rimu zako za 17 usiziuze, weka stoo uzifunge siku hiyo.