Okiagari-koboshi: mwanasesere wa Kijapani asiyekubali kulala

Huko Aizu, mkoani Fukushima, wanasesere hawa wa karatasi huuzwa kwenye gulio la tarehe 10 Januari. Mnunuzi huwaangusha, akachukua wanaoinuka wenyewe: idadi ya watu wa nyumbani, na mmoja wa ziada. Wao huwa na kimo cha sentimita 3 hivi. Anayejifunza kuwatengeneza aanze na sentimita 5.

Chonga kalibu ya mti laini yenye umbo la yai, kitako kikiwa cha mviringo kabisa. Pika gundi kwa unga wa ngano gramu 20 na maji mililita 120, ukikoroga mpaka ing'ae.

Karatasi chana kwa mkono, vipande vya sentimita 2. Ukingo wa mkasi huacha ngazi zisizofichika hata kwa rangi. Wajapani hutumia washi, karatasi yao ya jadi yenye nyuzi ndefu. Gazeti pia linafaa, ila karatasi ya kung'aa hainywi gundi. Tabaka la kwanza bandika kwa maji matupu, la sivyo ganda litang'ang'ania kalibu. Ongeza matabaka 5 ya gundi. Anika kivulini siku 2, maana jua kali hulikunja ganda.

Chora mstari wa wima kama alama ya kuoanisha nusu mbili baadaye, kisha kata ganda kiunoni kuzunguka na utoe kalibu.

Sasa uzito, na hapa ndipo wengi huharibu. Finyanga udongo ufuate umbo la kitako, uukaushe kabisa, ndipo uugandishe ndani. Ukiuweka mbichi utasinyaa, ubanduke, na mwanasesere atalia kama kayamba. Gramu 10 hadi 15 zinatosha. Udongo usipite theluthi ya kimo. Ukipanda juu, akianguka hainuki. Kabla ya kufunga, shikiza nusu mbili kwa utepe umjaribu. Akiinuka akiwa ameinama, ongeza udongo kidogo upande wa pili. Kisha ziba mkato kwa vipande vyembamba vya karatasi.

Weupe wa asili ni gofun, unga wa magamba ya chaza, uliochanganywa na nikawa, gundi ya ngozi. Nikawa ipashwe moto tu. Ikichemka hupoteza nguvu. Gundi ikizidi, weupe hupasuka. Ikipungua, huchafua vidole. Paka mara 3, nyembamba, kila moja ikikauka kwanza.

Mwili upake wekundu au buluu, uso uache mweupe. Nywele, macho na mdomo ni wino mweusi, kwa brashi nyembamba, mwisho kabisa.