Konsalta wa mazingira na mtunzi wa nyimbo, unafanyaje vyote

Kwanza usiache kazi, hiyo ndo inalipa studio. Kama uko Bongo hakikisha usajili wako NEMC (wasimamizi wa mazingira wa serikali) uko hai, halafu ukienda fildi kwenye tathmini ya athari kwa mazingira tega sikio ile mikutano ya kijiji, mama akilalamika kisima kimeingia chumvi we jioni gesti chukua simu ujirekodi ukiguna melodi bila maneno, beba uchungu wake tu, sio maneno yake wala jina la kijiji, hayo ni ya ripoti. Wiki ya dedilaini usitunge kitu, utaharibu vyote. Wimbo ukiiva sajili COSOTA (ofisi ya hakimiliki) kabla hujautupia mtandaoni. Na mwenye mradi unaoufanyia tathmini akitaka umtungie wimbo wa kumsifia kataa, maana ripoti yako nani ataiamini tena?